Tunguu au Mlimani: kwa kijana wa Unguja na Pemba anayetaka kuwa wakili

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka tu, simu yangu haitulii. "Dada, nimepata. Nataka sheria. Nisome Tunguu au nivuke Dar?" Mara hii wa kwanza kuniandikia alikuwa binti wa Wete, mtoto wa jirani zetu. Wa pili alikuwa baba yake, naye hakujua kama mwanawe keshamtangulia. Aliuliza kama mzazi anavyouliza: "Wapi atasoma, amalize, arudi na kazi mkononi?"

Mimi nilisoma Tunguu. Mdogo wangu wa kike alivuka, akasoma Mlimani. Sote wawili leo ni mawakili. Kesi zangu ziko Unguja na Pemba, ofisi yake yeye iko Dar. Kila Sikukuu tukikutana kwa mama maneno haya hurudi, na kila mmoja hukitetea chuo chake mpaka chai ikapoa. Niliyoyaandika hapa ni yale tuliyokubaliana, na pale tusipokubaliana nimesema.

Nikisema Tunguu nakusudia Chuo Kikuu cha Zanzibar, kile cha binafsi kilichoanzishwa 1998. SUZA, ambacho ni chuo cha Serikali, nacho kina kampasi Tunguu, na wazazi wengi wanavichanganya. Nikisema Mlimani nakusudia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, nacho ni cha sheria.

Skuli ya sheria ni ipi hasa?

Ukitafuta kwenye intaneti namna ya kujitayarisha na skuli ya sheria, mengi yatakayokuja ni ya Marekani. Utaambiwa usome shahada yoyote miaka minne, ufanye mtihani wa LSAT, kisha uombe skuli ya sheria ya miaka mitatu. Ni ushauri mzuri kwa watu wa huko. Kwetu sheria yenyewe ni shahada ya kwanza. Unatoka kidato cha sita unaingia moja kwa moja, na unakaa miaka minne, iwe Tunguu iwe Mlimani. Ukimaliza hujawa wakili bado. Mbele yako kuna mafunzo ya vitendo, na hayo ndiyo watu wanayoyaita skuli ya sheria. Bara ni Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoko Dar es Salaam. Sheria yake ilitungwa 2007 na wanafunzi wa mwanzo wakaingia 2008. Zanzibar nayo siku hizi ina Skuli yake ya Sheria.

Kwa hiyo kwetu sisi miaka minne ya chuo ndiyo matayarisho yenyewe, na mlango wa mbele si mwepesi. Oktoba 2022 nchi nzima ilizungumzia matokeo ya Taasisi ile ya Dar. Watahiniwa walikuwa 633. Waliofaulu masomo yote kwa mara moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo 342, na walioondoshwa 265. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuangalia kulikoni. Wakati ule kila mtu alinyoosha kidole upande wake, wengine kwa vyuo, wengine kwa Taasisi, wengine kwa vijana wenyewe.

Jambo moja nililolishika mimi ni kwamba wote 633 walikuwa na shahada mkononi. Mikataba walishafaulu, jinai walishafaulu, ardhi walishafaulu. Mafunzo ya vitendo hayakuulizi tena mkataba ni nini. Yanakupa faili la mteja na kukwambia: andika hati ya madai. Ni kazi nyengine kabisa, na ndiyo maana napenda kuvilinganisha vyuo hivi viwili kwa jicho hilo: kipi kitakufikisha mbele ya faili ukiwa huogopi?

Mikarafuu 120

Hapa ndipo vyuo vinapoachana kweli. Shahada ya Tunguu ni sheria pamoja na sharia, yaani sheria ya Kiislamu. Mwanafunzi anasoma mikataba, jinai, katiba na ardhi kama mwenziwe wa Mlimani, na juu yake anasoma fikihi: ndoa, talaka, mirathi, wakfu. Marafiki wa mdogo wangu wa bara huniuliza, ya nini mzigo wote huo? Jibu liko Pemba, kwenye benchi la nje ya Mahkama ya Kadhi, asubuhi yoyote ya siku ya kazi.

Chukua mfano. Mzee amefariki. Ameacha mke, mama yake mzazi, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Mali ni mikarafuu 120. Mke, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, ana thumni, yaani moja ya nane: miti 15. Mama ana sudusi, yaani moja ya sita: miti 20. Imebaki 85, ni ya watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Mafungu ni matano, kila fungu miti 17. Basi kila mtoto wa kiume ana 34, na binti ana 17. Jumlisha upate 120, hakuna mti uliopotea. Aliyesoma mirathi vizuri anaimaliza hesabu hii kabla ya kahawa kupoa.

Ila kesi haimalizikii kwenye hesabu. Kwetu mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwengine. Ardhi yenyewe, kwa sheria ya ardhi Namba 12 ya 1992, ni ya umma, na anachokuwa nacho mtu ni haki ya kuitumia. Shamba likiwa ni katika zile eka tatu zilizogawiwa na Serikali baada ya Mapinduzi, maswali yanazidi. Halafu yule mjane atakuuliza swali ambalo halimo kwenye kitabu: miti yangu 15 ni ile ya bondeni inayozaa, au ile ya juu iliyozeeka? Hapo unahitaji fikihi, unahitaji sheria ya ardhi, na unahitaji masikio. Nikiwa mwaka wa tatu nilikaa wiki mbili za likizo nikisikiliza watu wakisema mambo kama haya, na mpaka leo nikiandika hati ya mirathi namuona yule bibi akihesabu miti kwa vidole.

Mahkama za Kadhi za Zanzibar zina uzito wa kikatiba pia. Ibara ya 99 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 inasema Mahakama ya Rufani ya Tanzania haina mamlaka juu ya mambo ya Kiislamu yaliyoanzia kwa kadhi, wala juu ya tafsiri ya Katiba ya Zanzibar. Yaani mirathi ile ya mikarafuu inaanzia hapa na safari yake inaishia hapa, kwenye Mahkama Kuu ya Zanzibar. Wakili asiyeijua fikihi hana mtu wa juu atakayemsahihisha mbele ya safari.

Mdogo wangu hapa habishi. Akiletewa mirathi ya Pemba hunipigia simu mimi.

Upande wa pili wa maji

Mimi nami nina siku zangu za kumpigia yeye.

Aliyelelewa kwenye sheria za Zanzibar akivuka bahari anakuta karibu kila sheria ya kila siku imebadilika jina na mwaka. Ndoa bara zinaongozwa na Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo Zanzibar haitumiki. Ardhi ya bara ina sheria mbili za 1999, moja ya ardhi kwa jumla na moja ya ardhi ya vijiji. Makosa ya jinai bara yako kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kwetu ni Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018. Ushahidi bara ni sheria ya 1967. Kwetu ni Namba 9 ya 2016. Kampuni kwetu zina sheria ya 2013, bara ya 2002. Ukisimama mahakamani ukataja kifungu cha upande usio wako, hakimu atakutazama mpaka ukae mwenyewe.

Aliyesoma Mlimani anazijua za bara kama njia ya kwenda kwao. Na Dar ndiko kwenye kazi kubwa za benki, kodi, bima, mikataba ya bandari na kampuni za simu. Mahakama Kuu ya bara ina Divisheni ya Biashara tangu 1999, na mwanafunzi anayetaka njia hiyo anaweza kwenda kusikiliza kesi mchana na kurudi darasani jioni. Mdogo wangu alifanya hivyo mwaka wake wote wa mwisho. Anasema alijifunza zaidi kwa kumtazama wakili mmoja akimuuliza shahidi wa benki maswali mafupi mafupi kuliko kwa muhula mzima wa somo la ushahidi.

Ubishi wetu wa kwanza uko hapa. Yeye husema: anza na sheria za bara kwa sababu ndizo pana, za Zanzibar utazijua ukirudi. Mimi nasema si kweli kwamba utazijua ukirudi. Nimewaona waliorudi na shahada nzuri, wana miaka mitano kazini, na bado wanakimbia kila faili lenye neno talaka ndani yake. Sharia haisomwi kwa kudokoa. Sheria za bara, kwa upande wa pili, zimeandikwa, zimechapishwa na zinapatikana bure. Mtu mwenye bidii anaweza kukaa nazo mwenyewe. Mimi nilikaa na kanuni za mwenendo wa madai za bara miezi mitatu kabla ya mafunzo ya vitendo, kila baada ya Alfajiri, na zikaingia.

Yeye atasoma haya na atanijibu. Namjua.

Aya ya saba

Sasa nije kwenye kalamu, kwa sababu hapa vyuo vyote viwili haviwezi kukuokoa usipojiokoa.

Nilikuwa nimemaliza shahada, nafanya mazoezi kwenye ofisi ya wakili mmoja mjini. Siku moja akanipa faili akasema, mteja amechelewa kukata rufaa, andika kiapo cha kuunga mkono maombi ya kuongezewa muda. Nikaandika aya kumi na moja. Ya saba niliipenda kuliko zote: "Kwamba, kwa kuwa mwombaji hakupewa nakala ya hukumu kwa wakati, ni wazi kuwa anayo sababu ya kutosha kisheria na Mahkama hii tukufu inapaswa kumpa nafuu anayoiomba."

Yule bwana akaisoma, akachukua kalamu nyekundu, akaipiga mstari aya nzima. Kisha akaniuliza taratibu: "Nakala aliiomba lini? Aliipata lini? Nani alimkabidhi? Na baina ya siku hizo mbili alikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu hata moja. Niliandika hoja mahali pa mambo yaliyotokea. Kiapo kinabeba yale mtu aliyoyaona, aliyoyafanya na anayoyajua. Hoja za kisheria zinangoja siku ya kusikilizwa, na maombi yana hati yake yenyewe. Aya yenye hoja mahkama inaweza kuifuta, na ikiwa ndiyo nguzo, nyumba nzima inaanguka. Tena kwenye maombi ya muda, kila siku ya kuchelewa lazima ielezwe. Siku kumi na nane za mteja wangu nilizifungia kwenye neno moja, "kwa wakati". Niliandika kile kiapo mara nne. Mara ya nne kilikuwa kifupi kuliko cha kwanza, na kila sentensi ilikuwa na tarehe.

Mambo ya namna hii ndiyo yanayoulizwa kwenye mafunzo ya vitendo, na mitihani ya chuo aghalabu haiyaulizi hivyo. Chuoni unaambiwa "jadili", na wewe unajadili kurasa sita. Kwa hiyo ukiwa Tunguu au Mlimani, anza mwaka wa kwanza kutafuta hati halisi: hati ya madai, majibu ya madai, kiapo, wosia, mkataba wa kupangisha. Mwombe wakili unayemjua akuonyeshe zilizokwisha, zilizofutwa majina. Ziandike upya kwa mkono wako. Utachoka, na hakuna maksi utakazopewa. Endelea tu.

Lugha nayo ni sehemu ya kalamu. Kote kuwili kufundisha ni kwa Kiingereza. Bara, sheria ilibadilishwa 2021 kuifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, na ni jambo la kushukuru, lakini akiba ya hukumu za miaka yote iko kwa Kiingereza na ndizo utakazosoma. Mdogo wangu alikuwa na faida hapa. Kundi lake la kujisomea lilikuwa na vijana wa Mbeya, Bukoba, Moshi, na waliwekeana sharti la kujadili kesi kwa Kiingereza tupu. Sisi wenziwe wa Tunguu mwalimu akishatoka mlangoni tulirudi kwenye Kiswahili chetu cha raha. Kosa hilo ni letu sisi, si la mtu mwengine, na lilinigharimu mwaka wa mwanzo wa kazi.

Kusoma hukumu kabla hujaitwa mwanafunzi

Baina ya mtihani wa kidato cha sita na kufunguliwa vyuo kuna miezi mingi. Kila anayeniuliza humpa kazi moja: soma hukumu moja mpaka uimalize. Si lazima ununue kitu. Hukumu za Tanzania na za Zanzibar ziko bure kwenye mtandao, TanzLII na ZanzibarLII, na simu ya kawaida inatosha.

Mimi hupendelea waanze na kesi ya SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, dhidi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17. Watu 18 walishitakiwa Zanzibar kwa uhaini. Novemba 2000 Mahakama ya Rufani ikasema uhaini ni kosa dhidi ya dola, na dola ni Jamhuri ya Muungano. Zanzibar si dola, kwa hiyo uhaini hauwezi kutendwa dhidi yake. Ukisikia hivyo barazani utaichukua kama siasa, na utakasirika au utafurahi kulingana na ulipokaa. Ukiisoma kama mwanasheria unajiuliza mengine. Nini kilitokea? Mahakama iliulizwa swali gani hasa? Ilijibu nini? Kwa sababu zipi? Na lipi ilisema pembeni tu, halikuhitajika kwa jibu?

Halafu usiishie hapo. Fungua Katiba ya Zanzibar uone mabadiliko ya kumi ya 2010 yaliandika nini kuhusu Zanzibar kuwa nchi. Fungua Katiba ya Muungano ya 1977 uone orodha ya mambo ya Muungano nyuma ya kitabu. Weka hukumu katikati, katiba moja kulia, nyengine kushoto, na jaribu kuandika ukurasa mmoja ambao mtu wa upande wowote akiusoma hatajua wewe unamuunga mkono nani. Nilipofundishwa kufanya hivyo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa sijawahi kusoma kitu maishani, nilikuwa napitisha macho.

Watu, nafasi, pesa

Udogo wa Zanzibar ni neema kwa mwanafunzi wa sheria. Ukienda mahkamani mara tatu mfululizo, umevaa vizuri, umezima simu na umekaa kimya, mara ya nne karani atakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Baada ya hapo milango inafunguka. Jengo jipya la Mahkama Kuu nalo liko Tunguu, kwa hiyo anayesoma huko hana udhuru. Kwa kujitolea kuna Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanza 1992 na chenye ofisi Pemba pia, na kuna jumuiya ya wanasheria wanawake, ZAFELA. Huko utakutana na kesi za matunzo, ardhi na udhalilishaji, na utajifunza kumsikiliza mtu anayelia bila ya kumkatiza.

Mlimani wana kamati yao ya msaada wa sheria tangu 1967, na Dar ina ofisi za mawakili nyingi kuliko unazoweza kuzihesabu. Ila nyingi hazikujui, na foleni ya wanaotaka mazoezi ni ndefu. Mdogo wangu alipeleka barua ofisi nyingi akajibiwa na chache mno. Aliyempokea mwisho alimpa kazi nzuri, na ndiye aliyemwajiri.

Kuhusu pesa nitasema kidogo kwa sababu kila nyumba inajua mfuko wake. Kwa mtoto wa Unguja hesabu ni rahisi: Tunguu anakwenda kwa daladala na kurudi kula kwao, Dar ni boti, chumba, chakula na nauli za mjini. Kwa mtoto wa Pemba hesabu si hiyo, na wazazi wa Unguja husahau. Sisi kote kuwili tunapanda chombo. Nilipokuwa Tunguu nililala kwa shangazi yangu Mwanakwerekwe miaka minne, na kama si yeye, Tunguu ingekuwa ghali kwangu karibu sawa na Dar. Kwa hiyo, mzazi wa Pemba, uliza kwanza una ndugu wapi, kabla hujauliza ada. Kisha nenda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar mapema, na barua zote ziwe na majina yaliyoandikwa sawasawa na ya cheti cha kuzaliwa. Herufi moja ikikosekana utarudi mara tatu.

Wapo wanaoogopa kumpeleka binti Dar peke yake. Siudharau woga huo. Mama yetu alikuwa nao. Alichofanya ni kumtafuta mwenyeji, mke wa ndugu wa baba, aliyekuwa akimpigia simu kila Ijumaa. Binti akasoma, akamaliza.

Na kwa yule ambaye tayari ana kazi na watoto, ipo njia ya tatu: Chuo Kikuu Huria, ambacho kina vituo huku kwetu na kinafundisha sheria. Kinataka nidhamu ya chuma, maana hakuna wa kukuamsha. Kwa kijana wa kidato cha sita siipendekezi, ila ikiwa hakuna nyengine kabisa.

Nani aende wapi

Ikiwa unajiona ukisimama mbele ya kadhi, ukishika mirathi, wakfu, ardhi na kesi za familia za watu wa visiwani, nenda Tunguu. Sina wasiwasi na jibu hilo. Ikiwa moyo wako uko kwenye kampuni, benki, kodi, au unataka kufanya kazi bara, nenda Mlimani, na usijidanganye kwamba utafika kwa njia ya mkato. Ikiwa unataka kuwa hakimu au mwendesha mashitaka Zanzibar, mimi nasema Tunguu, mdogo wangu anasema popote. Na nikiwa mkweli, nimewaona wazuri kutoka pande zote mbili.

Ikiwa hujui bado, na wengi wa miaka kumi na tisa hawajui, angalia Kiingereza chako. Kikiwa dhaifu na una mwenyeji Dar, kule kutakulazimisha. Kikiwa kizuri, Tunguu itakupa ambacho Dar haikupi. Na ikiwa alama zako hazikufika Mlimani, usikae mwaka mzima nyumbani ukizisubiri. Mwaka mmoja wa kusoma una thamani kuliko jina la chuo kwenye cheti.

Binti wa Wete nilimuuliza anataka kufanya nini. Akaniambia kuna mwanamke mtaani kwao aliyeachwa na watoto wanne, hajui adai matunzo wapi, na kila anayemuuliza humpa jibu lake. Nikamwambia Tunguu. Baba yake nilimpigia usiku ule ule, nikamweleza sababu, akauliza tena kuhusu kazi. Nilimjibu kwamba Pemba mawakili ni wachache na faili ni nyingi, na kwamba mwanawe akijua kuandika hatakaa bure. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi inshallah."

Jumatatu binti atakwenda Mahkama ya Wilaya na daftari, akae nyuma, asikilize kesi moja tangu mwanzo mpaka iahirishwe. Nimemwambia aniletee ukurasa mmoja wa aliyoyaona na kuyasikia, kwa Kiingereza, kila sentensi na saa yake, na maoni yake asitie hata moja.